Shingo Iliyonyooka na Asili ya Agizo la "Kaa Wima"

Mwalimu humwambia mwanafunzi akae wima, mzazi humwambia mtoto hivyo hivyo mezani, na mtaalamu wa fiziotherapia humwambia karani aliyekuja na shingo iliyokakamaa. Kwa kuwa huyu wa tatu amesomea mwili, ni rahisi kudhani kwamba wale wawili wanarudia alichogundua yeye. Mambo yalikwenda kinyume. Shingo iliyonyooka iliingia hospitalini ikitokea shuleni, kwenye gwaride na kwenye meza za watu wa adabu, ikiwa imekwisha kuhukumiwa kuwa njema. Ushahidi kwamba kuinama ndiko kunakoleta maumivu ulianza kutafutwa baadaye sana, na ulipotafutwa kwa makini haukupatikana kama ulivyotarajiwa. Fani ya fiziotherapia ilibeba vitu viwili tangu kuzaliwa kwake, umbo na mwendo. Kwa karne mbili sifa zilikwenda kwa umbo, ilhali sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ikifanywa na mwendo. Ugomvi huu hauwahusu wasomi peke yao. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 203 duniani walikuwa na maumivu ya shingo, na wengi wao, juu ya maumivu hayo, wamebebeshwa lawama kwamba wamejitakia.

Nicolas Andry, tabibu wa Paris aliyekwisha kupita miaka themanini, alichapisha mwaka 1741 kitabu kilichoipa dunia jina la othopedia. Alikiandika kwa ajili ya wazazi, akiwafundisha namna ya kuzuia na kurekebisha ulemavu wa watoto wao, na mchoro wake maarufu ni wa mti uliopinda, umefungwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Mchoro huo unapendeza, lakini mti hauna misuli wala hauna la kusema juu ya kamba. Karne moja baadaye, huko Leipzig, daktari Moritz Schreber alilichukua wazo hilo kama lilivyo. Alikuwa mkuu wa taasisi ya othopedia, na katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1858 alieleza vifaa alivyovibuni kwa ajili ya watoto wa shule. Kimoja kilikuwa kipande cha chuma kilichokazwa ukingoni mwa meza ya kuandikia, kikiwa na mtaimbo mwembamba uliokaa mbele ya mifupa ya mtulinga: mtoto akiinamia daftari, chuma kinamsimamisha. Kingine kilikuwa ukanda ulioshikizwa ncha moja kwenye nywele na nyingine kwenye nguo ya ndani, ili kichwa kikishuka nywele zivutwe. Mtoto wake, Daniel Paul, alikuja kuwa jaji, akaugua akili, akaandika kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1903 na kumvutia hata Freud. Wapo waliolaumu vyuma vya baba kwa ugonjwa wa mwana, ila hiyo ni kesi isiyothibitika na sina haja nayo hapa. Ninachotaka kionekane ni lengo la vyuma vile. Schreber aliviweka mbele ya watoto ambao hawakuwa wagonjwa, kwa kuamini kwamba mgongo ulionyooka hujenga tabia iliyonyooka.

Lakini tayari kulikuwa na njia nyingine, na ndiyo iliyozaa fiziotherapia yenyewe. Pehr Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa upanga huko Uswidi, aliona kwamba maumivu ya mkono wake yalipungua kadiri alivyoutumia katika mchezo huo. Mwaka 1813 akafungua Taasisi Kuu ya Kifalme ya Jimnastiki mjini Stockholm. Aliyagawa mazoezi katika mafungu manne: ya elimu, ya kijeshi, ya tiba na ya urembo wa mwili. Wahitimu wa lile fungu la tiba walianza kuandikishwa rasmi na mamlaka ya afya ya Uswidi mwaka 1887. Sasa tazama mtego ulivyokuwa umetegwa: askari na mgonjwa walifundishwa chini ya paa moja, na nidhamu ya kusimama kifua mbele na kidevu ndani ilikuwa lugha ya wote wawili. Mtu akitoka pale hakuwa na sababu ya kuuliza kama kinachompendeza sajini ndicho kinachomponya mgonjwa.

Njia hiyo ndiyo iliyofika Uingereza. Martina Bergman-Österberg, mhitimu wa Stockholm, aliajiriwa mwaka 1881 kusimamia mazoezi katika shule za wasichana za London, kisha akaanzisha chuo chake. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa London, miongoni mwao Rosalind Paget, waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa, baada ya gazeti la madaktari kufichua kwamba baadhi ya nyumba za kuchua zilikuwa madanguro. Chama hicho ndicho mzazi wa fani ya fiziotherapia ya Uingereza, na kilipata hati ya kifalme mwaka 1920. Ukikumbuka kilizaliwa katika aibu gani, unaelewa kwa nini heshima ilikuwa kila kitu kwao: wanawake hawa walipaswa kuonekana safi, wenye kanuni na wenye kunyooka. Muhtasari wa mazoezi uliotolewa na Bodi ya Elimu ya Uingereza mwaka 1909 ulijengwa juu ya utaratibu wa Ling, na mazoezi ya namna hiyo, watoto mistarini na mikono ubavuni, yakavuka bahari pamoja na shule za wakoloni hadi Afrika Mashariki.

Lakini muda mrefu kabla ya Andry, mtu mwingine alikuwa ameyatazama maumivu ya makarani bila kutafuta mgongo wa kupendeza. Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena, alichapisha mwaka 1700 kitabu cha magonjwa ya wafanyakazi, na katika nyongeza ya mwaka 1713 aliwaweka waandishi na makarani. Alitaja sababu tatu za taabu zao: kukaa bila kuinuka, mkono kurudia mwendo uleule pasipo kikomo, na akili kubanwa na hofu ya kuharibu vitabu kwa makosa au kumtia hasara mwajiri. Sababu hizo zinahusu muda, marudio na wasiwasi. Kama ningetakiwa kuchagua ukurasa mmoja wa historia ya tiba hii wa kubandika ukutani mwa kila ofisi, ningechagua huo, na ningeuacha mti wa Andry vitabuni.

Ukurasa huo haukusahaulika na matabibu wa kazi, ila haukupata wapiga debe kama umbo lilivyopata. Marekani ndiko umbo lilikopewa chama chake. Jessie Bancroft, mwalimu wa mazoezi wa New York, aliongoza kuundwa kwa Ligi ya Mkao ya Marekani mwaka 1914. Ligi hiyo iliandaa mabango, ikapima watoto wa shule, ikaidhinisha viti na viatu vilivyosemekana kulinda mgongo. Wakati huohuo daktari Lloyd Brown aliwapanga wanafunzi wapya wa Harvard katika madaraja ya A hadi D kwa kutazama maumbo yao, akatoa hukumu ya kutikisa wazazi matajiri: takriban asilimia 80 hawakusimama vizuri. Tuitazame takwimu hiyo. Vijana wanne kati ya watano, wengi wao wenye afya na waliolelewa kwa nyama na maziwa, wamefeli mtihani wa kusimama. Kipimo kinachowafelisha karibu watu wote kinatuambia zaidi juu ya kipimo kuliko juu ya watu. Tena kilipima umbo tu. Maumivu hayakuwa sehemu ya alama. Wapiganaji wa mkao wa zama zile waliogopa kifua kikuu, tumbo lisilosaga chakula na uzembe wa taifa, na shingo inayouma haikuwa juu katika orodha yao. Upimaji huo ulienea vyuoni, wanafunzi wakipigwa picha za uchi wanapojiandikisha, desturi iliyodumu katika vyuo vikubwa hadi miaka ya 1960 na kuwa kashfa mwaka 1995 jarida la New York Times lilipoandika kwamba picha nyingi bado zilikuwa zimehifadhiwa.

Umbo na maumivu vilifungwa pamoja rasmi mjini Baltimore. Henry na Florence Kendall walikuwa wataalamu wa fiziotherapia waliohudumia watoto waliopooza kwa polio, na kutoka katika kazi hiyo walijenga ustadi wa kupima misuli mmoja mmoja ambao bado unafundishwa. Polio ni ugonjwa ambao kweli hupinda mwili kwa kudhoofisha misuli upande mmoja na kuuacha upande wa pili ukivuta. Ilikuwa busara kufikiri hivyo kuhusu mtoto wa polio. Kitabu chao cha mwaka 1952, ambacho jina lake lenyewe linataja mkao na maumivu, kiliipeleka busara hiyo kwa watu wote. Mgonjwa husimamishwa pembeni mwa uzi wa timazi, uleule wa fundi mwashi, na tabibu hutazama kama sikio, bega, nyonga na sehemu ya mbele kidogo ya kifundo vinafuata uzi. Sikio likiwa mbele ya uzi, kosa limeonekana. Vladimir Janda wa Prague, ambaye mwenyewe aliugua polio ujanani, aliendeleza fikra hiyo mwaka 1979 kwa kueleza mtu wa kichwa mbele na mabega yaliyojikunja kuwa ana msalaba wa misuli: iliyokaza ikikatana na iliyolegea. Ni maelezo mazuri sana. Yanachoreka, yanafundishika, na mgonjwa akioneshwa kwenye kioo anayakubali papo hapo. Hatari yake imo humo humo, maana kioo kinaonyesha umbo na hakiwezi kuonyesha chanzo.

Mtihani mkubwa ulifanyika Perth, Australia, ambako watoto wamefuatiliwa tangu kabla ya kuzaliwa. Watafiti walipiga picha vijana 1,108 wa umri wa miaka 17 wakiwa wamekaa, wakawagawa katika makundi kwa mkao wa shingo na kifua, na katika taarifa ya mwaka 2016 hawakuona uhusiano kati ya kundi la mkao na maumivu ya shingo. Waliojikunja walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na sonona, jambo ambalo Ramazzini asingelishangaa. Brazili, mwaka 2018, watafiti waliwachunguza vijana 150 wa umri wa miaka 18 hadi 21 namna wanavyotazama simu, na hawakupata uhusiano kati ya shingo ya simu na shingo inayouma. Msomaji atauliza zile kilo 27 zinazosemwa kuielemea shingo inayoinamia simu zimetoka wapi, kwa maana picha ya kichwa kinachozidi uzito kadiri kinavyoinama imesambaa kwenye simu hizohizo zinazolaumiwa. Zilitoka katika hesabu ya kompyuta iliyochapishwa mwaka 2014 na daktari wa upasuaji Kenneth Hansraj: kichwa cha kilo tano hivi, kikiinama nyuzi 60, kinaibebesha shingo mzigo wa kilo 27. Hesabu yaweza kuwa sahihi. Haikuhusisha mgonjwa hata mmoja, na haikusema kwamba kilo 27 ni nyingi kwa shingo.

Kuna pingamizi la maana hapa. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliokusanya tafiti kadhaa ulikuta kwamba watu wazima wenye maumivu ya shingo hubeba kichwa mbele zaidi kuliko wasio na maumivu, hata kama kwa vijana tofauti hiyo haikuonekana. Je, si huo ndio ushahidi tunaosema haupo? Ni ushahidi wa vitu viwili kuonekana pamoja, na unastahili kuheshimiwa. Lakini mtu anayeumwa hubadilisha anavyojishika, misuli ya shingo inayouma hudhoofika, na umri nao husogeza kichwa mbele. Mkao ungekuwa chanzo chenye nguvu, tungetarajia uanze kuonekana kwa vijana walioinama tangu utotoni, na Perth haikuuona. Sikatai kwamba kwa baadhi ya watu umbo huchangia. Ninachokataa ni cheo cha mtuhumiwa mkuu ambacho lilipewa kabla ya kesi kusikilizwa.

Juu ya swali la shingo inaweza kubeba nini, ushahidi mzito ulipatikana Kenya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo utosini na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipajini. Wanawake hao waliweza kubeba hadi moja ya tano ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu, na baadhi walimudu mizigo inayofikia asilimia 70 ya uzito wao. Kwa mwanamke wa kilo 60, hiyo ni kilo 42, juu ya ngata, huku anatembea. Tafiti za baadaye Afrika Kusini hazikuona nafuu hiyo kwa kila mbebaji, kwa hiyo tusigeuze jambo hili kuwa muujiza wa Kiafrika. Pia tusifanye kosa la wale walimu wa mkao wa Magharibi waliomsifu mwanamke mwenye mtungi kichwani kuwa kielelezo cha mgongo, wakawatembeza wasichana wao na vitabu utosini. Mtungi ule ulikuwa kazi, na picha za eksirei za wabebaji wa Kongo zimeonyesha pingili za shingo zilizochakaa. Mwanamke huyo alinyooka kama timazi na bado shingo yake ililipia. Kwa hiyo shingo si yai la kupasuka kwa kuinamia simu, na kunyooka nako si kinga pale mzigo unapozidi na miaka inapokuwa mingi.

Kama ni hivyo, kwa nini wagonjwa wa wataalamu wa fiziotherapia hupona? Mtetezi wa mkao atasema: tuliwafundisha kukaa vizuri, wakapata nafuu, basi. Ndiyo, ila waliwafundisha mengi kwa pamoja, na inabidi tuyatenganishe. Finland, wanawake 180 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu waligawanywa makundi matatu kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya nguvu, likivuta kichwa dhidi ya mpira wa kunyumbuka. La pili lilifanya ya ustahimilivu, likiinua kichwa kutoka kitandani. La tatu lilishauriwa kukimbia na kujinyoosha. Waliopata nafuu kubwa au kupona kabisa walikuwa asilimia 73, 59 na 21. Mjini Brisbane, Gwendolen Jull na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2002, kwa watu 200 wenye kichwa kinachouma kutokana na shingo, kwamba mazoezi mepesi ya misuli ya ndani na tiba ya mikono hupunguza maumivu na nafuu hiyo hudumu mwaka mzima. Zoezi lenyewe ni dogo mno. Mgonjwa analala chali, kifuko cha hewa kinawekwa chini ya kisogo na kujazwa hadi kipimo kisome 20, kisha anaitikia kwa kichwa kidogo kama anayekubali jambo kimya kimya, mpaka mshale ufike 22. Anashikilia sekunde kumi. Mishipa ya mbele ya shingo ikitutumka, amekosea: misuli mikubwa imeingilia kazi ya midogo. Kwa siku na wiki anapanda hadi 30. Ni kweli kwamba mpango wa Brisbane ulikuwa pia na mafunzo ya kukaa, na mtetezi ana haki ya kulitaja. Lakini utafiti uliofuata wa Deborah Falla, aliyefanya kazi na Jull, uliona kwamba misuli hiyo ikipata mazoezi, mtu hushika kichwa wima kwa muda mrefu zaidi akiwa kwenye kompyuta. Pengine, basi, kunyooka ni tunda la nguvu, na tumekuwa tukilidai tunda kwa watu ambao mti wao haujamwagiliwa.

Linabaki pingamizi linalotoka kwa mgonjwa mwenyewe, na ndilo gumu kuliko yote: nikiinama saa mbili ninaumwa, nikinyooka ninapata nafuu, sasa unaniambia nini? Robin McKenzie wa New Zealand, aliyeeneza zoezi la kurudisha kidevu nyuma na kuandika mwaka 1983 kitabu cha mtu kujitibu shingo, alikuwa na jibu zuri kuliko alivyolitumia. Pinda kidole chako nyuma hadi mwisho ukishikilie. Baada ya muda kitauma, ukikiachia kitapoa, na hakuna kilichoharibika. Yeye alilitumia kulaumu mkao mbaya. Mimi naona linathibitisha jambo jingine: kidole kizima huuma kwa kukaa mahali pamoja muda mrefu, na mahali penyewe si hoja. Mlinzi wa lango la kasri anayesimama wima kama mshumaa naye huumwa. Kwa hiyo mgonjwa hakosei anaposema kunyooka kumemsaidia, kwa kuwa kumemtoa alipokuwa. Hata kuinamisha kichwa kungemsaidia kama angekuwa ameketi wima tangu asubuhi. Vilevile kola za sponji zilizovalishwa shingoni kwa miongo mingi zilianza kuachwa kwa walioumia shingo kwenye ajali za gari, pale ilipoonekana kwamba wanaoendelea kuisogeza shingo hupona vizuri zaidi ya wanaoifunga.

Kwa nini basi mkao unaendelea kutawala ushauri? Nadhani ni kwa sababu unamgharimu mtu mmoja tu, yule anayeumwa. Wapiga simu za maandishi wa Uingereza walipoanza kulemaa mikono, mkakamao wao uliingizwa mwaka 1908 katika orodha ya maradhi ya kazi yanayolipwa fidia, lakini kamati ya serikali iliyochunguza ikaripoti mwaka 1911 kwamba chanzo ni uchovu unaorudiwa pamoja na udhaifu wa neva wa mfanyakazi mwenyewe. Nusu ya mzigo ikarudishwa kwake. Kumwambia karani anyooke ni kumrudishia mzigo wote, na wala hakupunguzi saa zake za kuketi hata kwa dakika tano. Sheria zimeanza kulitambua hili kuliko mabango ya ukutani. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1990 kuhusu kazi za skrini linamtaka mwajiri apange kazi ya siku ili ikatizwe mara kwa mara kwa mapumziko au shughuli ya aina nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinganishe meza, vifaa na kazi zenyewe na uwezo wa mfanyakazi, na kifungu hichohicho kinataja kumkinga na msongo wa akili, sababu ya tatu ya Ramazzini ikiwa imeandikwa Nairobi baada ya miaka 294. Mkaguzi atakayeingia ofisini na sheria hiyo mkononi hana haja ya uzi wa timazi. Atauliza mtu huyu huinuka mara ngapi, na nani anamzuia.